Maranda Nyuma ya Nyumba

Sogeeni, ndugu zangu, maana jambo hili linatuhusu sote ambao maji hutuama uani kwetu.

Asubuhi ile mvua ilikuwa imepumzika. Mke wa seremala alikuwa akianika nguo uani, na mama mkwe wake akamtania kutoka dirishani kwamba anakamua shuka kama anayemkaba mwizi. Wakacheka. Mara ardhi ikadidimia chini ya mke yule, maji meusi yakampanda katikati ya vidole vya miguu.

Moyo ukamlipuka. Kila masika ua ulijaa maji, na mumewe, badala ya kuchimba mfereji, alimwaga maranda ya karakana yake. Maranda yalikunywa maji, juu pakaonekana pakavu, naye akajipiga kifua. Kumbe chini yalikuwa yameoza na kuziba njia, maji yakabaki kwenye msingi wa chumba cha mama mkwe.

Aliingia chumbani, akagusa ukuta. Plasta ilikuwa laini kama sabuni iliyolowa, na ufa wa juzi sasa ulipitisha kidole. Aliogopa, akaogopa kweli. Akamkimbilia mumewe karakanani.

"Mume wangu, mama asilale tena chumba kile. Na mfereji tuchimbe leo."

"Wewe nawe, unaogopa hata maji ya kunawa miguu? Kiangazi nitachimba."

Kiangazi! Wangapi kati yetu tumesema hivyo, na ua ukikauka tukasahau? Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Mchana mvua ikarudi kwa hasira. Mama mkwe alikuwa amejilaza chumbani mwake. Mke akasikia ukuta ukilia, akaukimbilia mlango. Fremu ilikuwa imepinda, mlango haufunguki. Akausukuma kwa bega.

"Mama, toka kitandani! Njoo huku mlangoni!"

Alisikia miguu ya mzee ikigusa sakafu. Kisha ukuta ukaanguka.

Walimtoa akiwa hai, Mungu si Athumani, lakini nyonga ilikuwa imevunjika vibaya. Hakutembea tena.

Kesho yake seremala alishika jembe. Akazoa maranda, akachimba mfereji hadi mtaro wa barabarani, na kufikia adhuhuri maji yote yalikuwa yamekwenda zake.

Mama aliporudishwa kutoka hospitalini, amebebwa, aliuona mfereji ule, na mkwewe akamweleza ulivyochimbwa.

"Mwanangu," akauliza, "kumbe ilikuwa kazi ya asubuhi moja?"

Seremala alilia mbele ya mkewe.

FUNZO

Maji yaliyofichwa hayajaondoka. Yape njia mapema. Mwenzako nyumbani akikuambia anaogopa, msikilize. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta hujengwa, lakini miguu ya mama hairudi.