Matembezi na Mama Mkwe

"Mama amesema tusogeze tena."

Kibonge aliacha kusuka. Simu alikuwa ameibana kati ya sikio na bega, mikono yote miwili ikiwa kwenye nywele za mteja.

"Tusogeze nini?"

"Harusi, mpenzi. Sasa hivi si wakati mzuri."

"Hii ni mara ya tatu."

"Najua. Lakini mama ndiye mama, nifanyeje? Anasema..." Mchumba wake akasita.

"Anasema nini? Malizia."

"Anasema bibi harusi wa mwili huo tutamweka wapi kwenye picha. Ni maneno yake, si yangu. Anataka upungue kwanza."

Mteja kwenye kiti alijifanya anasoma simu yake, lakini sikio lilikuwa limesimama.

"Basi nitampigia mwenyewe," alisema Kibonge.

"Usithubutu. Yule ana presha. Ukimgusa na jambo hilo akaanguka, utaujibu nini ukoo mzima?"

Simu ikakatwa. Kibonge akaendelea kusuka, ila alikuwa anavuta nywele kwa nguvu mpaka mteja akaomba huruma.

Hebu tuwekane sawa hapa. Huyu binti aliitwa Kibonge tangu darasa la kwanza, na hajawahi kununa kwa jina hilo hata siku moja. Mchumba wake, mpiga picha za harusi mwenye studio yake mtaani, alimkuta akiwa hivyo hivyo, akampenda hivyo hivyo, akamvisha pete mbele ya wazee wa pande zote mbili. Wakati ule alikuwa akisema, "Nimepata mke, sikutafuta fito." Leo fito ndiyo inatafutwa. Na anayeitafuta, eti, ni mama.

Wiki hiyo hiyo Kibonge akapata kizunguzungu saluni. Wenzake wakampeleka zahanati. Daktari, mwanamke asiyependa kuzungusha maneno, akaangalia majibu ya vipimo.

"Sukari imeanza kupanda. Hujafika kwenye dawa, lakini ukiendelea hivi utafika. Anza kutembea."

"Dada, mimi nasimama kutwa nzima."

"Kusimama si kutembea. Anza kidogo tu, mpaka mwisho wa barabara yenu na kurudi. Mwili ukizoea, ongeza. Usikimbie. Nenda mwendo ambao unaweza kuongea na mtu. Ukiona huwezi kuongea, punguza. Na tafuta mwenzako, maana wanaotembea peke yao huacha mapema."

Daktari akafungua mlango, akaita kwenye benchi la nje. "Mama, wewe wa presha, si ulisema huna wa kutembea naye? Unakaa upande wa mnara wa simu, siyo? Na huyu anakaa huko huko."

Aliyeingia alikuwa mama wa mpiga picha, muuza vitambaa, mwanamke mpana mwenye sauti nzito. Wakatazamana.

"Mnafahamiana?" akauliza daktari.

"Huyu ni mkwe wangu," alisema mama, kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa wake.

"Basi vizuri kabisa. Kesho asubuhi muanze."

Hakuna aliyetaka, na hakuna aliyekuwa na uso wa kukataa. Kibonge alijiambia, nikikataa atasema sina adabu. Mama naye, kumbe, alikuwa anajiambia, nikikataa atasema ndio hao mama wakwe. Basi wakaanza.

Asubuhi ya kwanza walifika kwenye transfoma tu, mwisho wa barabara, wakashika magoti wote wawili. Kibonge mapaja yalikuwa yanawaka moto kwa kusuguana. Mama alikuwa amevaa raba nyeupe mpya, na kisigino kilikuwa kimechubuka. Walirudi bila kusema neno. Maneno ya kununiana walikuwa nayo ya kutosha, pumzi ya kuyasema ndiyo haikuwepo.

Kibonge alinunua kaptura ya kubana ya kuvaa ndani ya sketi. Mama akaanza kuvaa soksi. Transfoma ikazoeleka, wakasogea mpaka geti la shule. Hapo nako walikaa wiki kadhaa, maana kila wakijaribu kupita mama alikuwa anahema, na Kibonge, pamoja na hasira zake zote, alikuwa anasimama kumngoja. Baadaye wakafika kituo cha mafuta. Huko ndiko vijana wa bodaboda walikozoea kuwacheka.

"Wamama, mnapunguza nini?" mmoja akauliza.

"Tunapunguza wapumbavu barabarani," mama akamjibu bila kugeuka. "Naona tumekuacha wewe."

Kibonge akaangua kicheko mpaka akashika ukuta. Kisha akakumbuka kwamba anamchukia mama huyu, akanyamaza. Mpiga picha kila alipoambiwa habari za matembezi alikuwa anabadilisha mazungumzo haraka. "Tembeeni tu," alikuwa akisema. "Ila mambo ya harusi msiyaguse."

Walikuja kupanda kilima cha mnara wa simu miezi kadhaa baadaye. Siku hiyo walikuwa katikati ya mlima, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyekuwa anahema vibaya. Mama ndiye aliyeanza.

"Binti, nikuulize kitu?"

"Uliza, mama."

"Mimi nimekukosea nini?"

Kibonge akamtazama. "Kunikosea wewe?"

"Ndiyo. Kama hutaki kukaa karibu na mimi, sawa. Sikuzaa mtoto ili nimfungie kabatini. Lakini kumwambia mwanangu hutaolewa mpaka akuhamishe mji, kwa sababu hutaki kuiona sura yangu? Hilo limenikata maini. Nalala nalo, naamka nalo."

Kibonge akasimama katikati ya njia. "Nani kasema hayo?"

"Mwenye mdomo wake. Kila nikiuliza harusi lini, naambiwa mkwe wako bado ana masharti."

"Mama, mimi sina sharti hata moja. Mimi nimeambiwa wewe ndiye unayekataa."

"Mimi?"

"Umesema mwili huu tutauweka wapi kwenye picha."

Mama alijitazama kuanzia kifuani mpaka kwenye raba. "Mimi," alisema taratibu, "na kiuno hiki nilicho nacho, nisimame nimseme mtu unene?"

Wakakaa kwenye jiwe kando ya njia. Mama akatoa simu yake mfukoni, Kibonge akatoa yake, wakaziweka kwenye mapaja. Kwa mama kulikuwa na ujumbe wa wiki iliyopita: "Mama vumilia. Yule ana kiburi, anasema bado hayuko tayari. Usimuulize kitu mtagombana bure." Kwa Kibonge, ujumbe wa wiki hiyo hiyo: "Mpenzi usimwambie mama kuhusu harusi. Presha yake haitaki mshtuko."

"Presha yangu," mama alisema. "Ameifanya presha yangu kuwa kufuli ya mdomo wako."

Kibonge alilia hapo, na alilia kwa hasira. Kunenepa hakukumuuma, mwili wake anaujua. Kilichomuuma ni kwamba kwa miezi yote ile alikuwa anamchukia mwanamke asiye na hatia, anatembea naye bega kwa bega huku moyoni anamwita mchawi. Na huku mchumba wake, aliyefanya yote hayo, kila asubuhi alikuwa amelala nyumbani na blanketi mpaka kichwani.

"Nisamehe, mama."

"Mimi nikusamehe nini, mwanangu? Mimi nimekuita chatu kwa ndugu zangu wote." Akafuta machozi kwa mkono, akapiga simu.

"Uko wapi?"

"Nipo njiani, mama. Nina maharusi wa kupiga picha leo."

"Watasubiri. Wewe si fundi wa kusubirisha watu? Njoo nyumbani sasa hivi."

Mpiga picha alipoingia sebuleni, begi la kamera begani, aliwakuta wawili hao kwenye kochi moja, bado wana vumbi miguuni. Akatabasamu, kisha tabasamu likamfia mdomoni.

"Kaa," mama akasema.

"Kuna nini?"

"Nataka uniambie ni lini nilisema mkwe wangu hafai kwenye picha. Siku gani? Nilikuwa nimekaa wapi?"

"Mama, hapo kuna mtu kakuelewa vibaya..."

"Usinizungushe," Kibonge akamkata. "Mtu gani? Tupo watatu tu humu ndani. Nani alisema?"

Akamtazama mama, akamtazama Kibonge, akaona hana pa kuchomokea.

"Ni mimi," alisema.

"Sema vizuri. Wewe nini?"

"Ni mimi niliyesema. Nilikuwa naona aibu." Akaketi ukingoni mwa kiti. "Kazi yangu ni kupiga picha maharusi. Kila wiki naweka picha zao mtandaoni, watu wanasifia. Nikawaza, siku nikiweka yangu watasema nini? Nilikuwa nakupenda, naapa. Ila niliogopa midomo ya watu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuumiza."

"Ukaona aniumize mama yako."

Mama alikuwa anatikisa kichwa polepole. "Umenipaka matope mimi niliyekuzaa," alisema. "Umenifanya mama mkwe wa hadithi, nisiye na soni wala huruma. Na mimi nikamsema vibaya huyu mtoto kwa watu, kwa uongo wako."

Mpiga picha akapiga magoti. Alilia, na machozi yalikuwa ya kweli. Akamshika Kibonge mikono, akasema amekosa, akasema ni ujinga, akasema hatarudia. Na Kibonge, mtu akimpenda mtu ana kazi, moyo ukaanza kulegea. Alikumbuka mvulana aliyekuwa anakuja kumngoja nje ya saluni mpaka amalize mteja wa mwisho, akimbebea mkoba bila kujali nani anaangalia. Alikuwa karibu kumwambia ainuke.

"Na kwanza tazama," mpiga picha akaendelea, akijifuta pua, "Mungu ni mwema, mambo yamekwenda vizuri. Umepungua. Umependeza kweli kweli, hata rafiki zangu wamesema. Sasa hakuna tena cha kusubiri. Hata mwezi ujao tufunge."

Mama alifumba macho.

Kibonge akatoa mikono yake kwenye mikono ya mwanamume huyo. Akashika pete, akaivuta. Haikumsumbua kutoka, vidole navyo vilikuwa vimepungua.

"Unafanya nini?"

"Nimetembea kwa sababu ya sukari yangu. Sikutembea ili nitoshe kwenye kamera yako."

"Unaniacha kwa neno moja?"

"Nilikupenda. Nakupenda hata sasa. Lakini niambie, nikishazaa nikanenepa tena, utamsingizia nani? Mtoto?"

Akaiweka pete juu ya begi la kamera, akasimama. Mpiga picha alibaki pale chini, anamtazama kama mtu aliyepitwa na basi.

"Watu wote wanajua tunaoana," alisema kwa sauti ndogo. "Wajomba, rafiki zangu, wateja. Sasa nitawaambia nini?"

"Waambie mama amekataa. Si ndivyo ulivyozoea?"

Mpiga picha akamgeukia mama yake, akitafuta huruma usoni mwake. Mama alikuwa tayari amesimama, amemshika Kibonge mkono.

"Waambie hivyo hivyo," mama akasema. "Safari hii hutakuwa mwongo. Nimekataa."