Kadi ya Tisini na Moja

Orodha ya wapiga kura ilikuwa imeibwa. Kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya mji wa Pillsbury Notch, New Hampshire, zilibaki pini nne tu, zimechomekwa vizuri kila moja kwenye kona yake.

"Mwizi mstaarabu," alisema Inspekta Colette Gagnon, akivua glavu.

"Republican hao!" alifoka Beverly Stackpole, mwenyekiti wa chama cha Democratic hapo mjini. Alikuwa amewahi ofisini kunakili nani ameandikwa chama gani baada ya mchujo wa urais wa jana yake, kura ya kila chama kuteua mgombea wake. "Hawataki nijue nani kaingia chama gani."

"Punguza moto, mama. Huenda mwizi anaficha jina moja tu."

Kwenye mchujo, asiye na chama huchukua karatasi ya kura ya chama anachotaka, hupiga kura, kisha mlangoni hujaza kadi ya kujitoa kwenye chama hicho. Asipoijaza, jina lake hubandikwa ubaoni kama mwanachama kamili.

"Lorna, wasio na chama walikuja wangapi?"

"Tisini na mmoja," alijibu Lorna, karani wa mji.

"Kadi?"

Lorna alizihesabu mara mbili. "Tisini."

"Basi kuna mtu kasahau."

Lorna alifungua kabati, akalinganisha kadi na daftari lake. Kidole kikakwama. Akamsukumia Colette daftari, akimtazama Beverly kwa huruma.

Robo saa baadaye Colette alikuwa kwenye karakana ya useremala nyuma ya nyumba ya kina Stackpole, Beverly nyuma yake. Merle, mume wa Beverly, alikuwa akipiga randa ubao ambao ulishanyooka zamani.

"Mzee Merle, jana ulijaza kadi?"

"Kadi gani?"

"Ya mlangoni."

Randa ikasimama. "Pai walizokuwa wakiuza kina mama wa kanisa pale kituoni zilikuwa zinaisha, afande. Nikakimbilia ya tufaha."

"Na orodha?"

Merle aliitoa chini ya kopo la gundi. "Nimeiba mimi. Nifunge tu."

Beverly aliinyakua, akasoma. "Republican? Merle! Si mabango yangu yote umepigilia wewe?"

"Nilijua utawaka, Bev. Nilitaka kwanza nikajitoe."

"Lakini kwa nini?"

"Yule mgombea wao alipita hapa mwezi wa kumi na mbili. Akakaa kwenye ndoo ile, akaniuliza naionaje nchi. Akanisikiliza saa nzima." Merle alifuta vumbi la mbao mikononi. "Wewe unajua kila nyumba ya mji huu inavyopiga kura. Mimi hujawahi kuniuliza."

Colette alijifanya anakagua misumari.

Beverly alimkabidhi Colette orodha. Akavuta ile ndoo, akaketi.

"Haya, mume wangu. Unaionaje?"

Merle alikohoa. "Tuanze na barabara."

Ndani ya gari Colette aliandika: *Orodha imepatikana.* Alipotoka karakanani, Merle alikuwa bado anaeleza mashimo ya barabarani, na Beverly hajamkatiza hata mara moja.