Jina la Olive Ndani ya Kaseti

Cheka tu. Toa meno yote nje, hata yale yaliyooza. Wewe uliyelala kambini ukasikia wafu wakikohoa, leo unasema jini ni hadithi ya kutuliza watoto? Kaa chini basi, na ufunge mdomo.

Kaswera alikuwa mchoraji wa vibao huko Ndosho: saluni, famasi, mchungaji anayeponya kisukari. Hakuwa mtu wa machozi. Vita vilimla mume, naye kesho yake akapika maharagi, kwa sababu Olive, mutoto wake wa pekee, alikuwa na njaa.

Siku moja Cyprien wa studio akamletea kaseti ya zamani.

"Mama, tunataka kuitoa upya kuwa diski. Utuchoree posheti yake, ile karatasi ngumu ya kuivalisha. Lakini usikilize muziki kwanza. Usituchoree saluni."

"Nawe ukanyoe hizo nywele kwanza. Ziko saluni nyingi, nimezichora mimi."

Ilikuwa orkesta iliyokuwa ikipigia wakimbizi kule kwenye kambi ya Kibati. Kaswera aliisikiliza mchana, pinso ya kuchorea mdomoni, akitafuta rangi ya lile gitaa. Lilikuwa tamu. Tatizo dogo lilikuwa moja: kila akiwasha, nyumba ilinuka shitingi iliyolowa, lile turubai la kambini, na mvua haikuwa imenyesha.

Akaenda kumuuliza muzee Namegabe, aliyekuwa akiuza kasiksi, ile pombe ya ndizi, kwenye ngoma zao.

Muzee akashusha sauti. "Shitingi? Ni chini ya shitingi walikufia, mama. Bomu. Na mwimbaji alikuwa anatupa jina."

Desturi unaijua. Mwimbaji akitupa jina lako ndani ya wimbo, unainuka, unacheza mbele yake. Usipoinuka umemvua nguo hadharani. Likiwa jina la mtoto, mzazi anainuka kwa ajili yake.

"Jina ile ya mwisho, hakuna mutu aliinuka," muzee akanong'ona. "Anangoja mpaka leo. Usichore mutu muzima, mwenye angali anapumua, kati yao."

"Muzee, urudi kwenye kasiksi yako."

Picha aliyoichora ya orkesta ile ilikuwa inakosa mchezaji. Kaswera akamsimamisha Olive mlangoni, mkono juu, akamchora pale katikati ya wafu, anacheza. Akaona imependeza.

Siku iliyofuata alikuwa anaosha pinso, kaseti inaimba, Olive akatokea na mwiko mkononi.

"Mama, kuko papa moja, mutu simujue, ananiita ndani ya radio."

"Usiitike."

"Nilishaitika."

Jioni mtoto alikuwa baridi kama jiwe la volkeno lililonyeshewa, macho wazi, midomo inafuata wimbo. Zahanati haikuona ugonjwa. Padri alisema shetani, jirani Mwislamu alisema jini, na wote wawili walitoka wameziba pua. Kaswera akatoa betri, wimbo ukaendelea. Akavuta utepe wote akauchoma nje kwenye makaa, na wimbo ukaendelea, sasa ukitoka ukutani, kisha chini ya kitanda, kisha kifuani mwa Olive, gitaa na ngoma na ile sauti ya mwanaume mwenye adabu inayorudia Olive, Olive wa Ndosho, na kila iliporudia mtoto alipumua kidogo kuliko mwanzo, na ile harufu ikawa nzito mpaka mtu aliionja ulimini.

Kaswera hakupiga kelele. Kifua chake kilikuwa kama mguu uliokufa ganzi. Alichukua kisu, akamkwangua Olive kwenye posheti mpaka karatasi ikatoa manyoya. Pale pale akajichora mwenyewe, kilemba, pua pana na yote. Kisha akasimama katikati ya chumba, akacheza peke yake, uso mkavu.

"Huyo ni mutoto," alisema. "Mimi muzazi nimeinuka."

Wimbo ukanyamaza, kama mtu anayevuta pumzi.

"Mama Kaswera wa Ndosho!"

"Niko."

Olive akapepesa macho. "Mama, njaa."

Alimpakulia bugali na majani ya sombe, akamtazama akimeza tonge la kwanza, na la pili.

"Ukimaliza, uende kwa mama mudogo. Ubebe nguo zako. Posheti Cyprien atakuja kuichukua."

"Na wewe unaenda wapi?"

Nje, upande wa barabara ya Kibati, mtu alikuwa anakaza nyuzi za gitaa.

"Kula, isipoe," alisema Kaswera. Akajifunga kitenge, akatoka, akafunga mlango.