Simu Iliyoitwa Truphosa

Kati ya wimbo wa pili na wa tatu, mtu alivuta pumzi.

Nerima akasimamisha cherehani. Nyimbo zile alizijua zote. Kwa miaka zilikaa kwenye simu yake ya vibonye, zikimwimbia akishona sare za shule sebuleni kwake Kiamunyi, na hapo katikati hapakuwahi kuwa na kitu. Simu mpya, akajisemea, sauti yake ni safi mno, inatoa hata yaliyojificha. Akaendelea. Kola hazijishoni.

Simu ilinunuliwa na mumewe, Sitati, aliyefanya kazi Olkaria kwenye mabomba ya mvuke na kurudi nyumbani wikendi. Kijana wa duka mjini alihamisha kadi ya nyimbo kutoka ile ya zamani, kisha akauliza, "Mathe, simu inataka jina. Niweke nani?"

"Kwani itabatizwa?"

"Si ndiyo uijue ukiunganisha na spika, mathe."

Nerima akasema, weka Truphosa. Truphosa alikuwa dada yake Sitati, kiongozi wa kwaya kule Elburgon, na ndiye aliyeijaza kadi ile nyimbo. Alikufa bila mtoto, huku akimtamani mtoto kuliko kitu chochote. Wazee wa ukoo walikataza jina lake lisipewe mtoto yeyote, kwa sababu mtu aliyekufa hivyo akiitwa huja, na akija hatafuti kumbukumbu, anatafuta mahali pa kukaa. Nerima aliyakumbuka hayo palepale dukani. Lakini simu si mtoto, alifikiri. Naye alikuwa na mimba ya miezi saba, ya kwanza kukaa baada ya nyingine kuharibika, na miguu ilikuwa inamuuma. Alitaka tu kufika nyumbani.

Baada ya pumzi ilikuja sauti. Ilikuwa ya mwanamke, nyembamba, ikiimba juu ya kwaya katika kila wimbo, na kila ilipoimba nyumba ilinuka vumbi la mbao mbichi, kama nguo za Truphosa zilivyonuka akitoka kazini kwenye kiwanda cha mbao. Nerima akachomoa kadi. Wimbo haukukatika. Akaizima simu kabisa.

Kimya kikaingia, na mtoto tumboni akaacha kucheza.

Alingoja. Alikunywa maji baridi, akalala ubavu, akajibonyeza kwa vidole, lakini tumbo lilikuwa zito na tulivu kama gunia, na alipoikimbilia simu na kuiwasha, ile sauti ilianza kabla kioo hakijamaliza kuwaka, na mtoto akapiga teke kwa nguvu, tena na tena, akifuata mdundo.

Kliniki walimpima, wakasema mtoto mzima, mama apumzike. Simu ilikuwa mkobani mwake, ikiimba polepole.

Tangu hapo hakuizima. Alioga nayo ikiwa juu ya ndoo, akapika nayo ikiwa kifuani, na stima ilipopotea mtaani alikimbia na chaja kutoka lango hadi lango akitafuta mwenye sola, huku betri ikishuka na mtoto akilegea pamoja nayo, na majirani wakicheka kwamba mama huyu anapenda injili kweli. Hapo ndipo alipompigia mama mkwe.

Mama mkwe alifika Ijumaa mchana. Alisimama mlangoni, akanusa, akaketi kabla ya kukaribishwa.

"Ni nani ulimpa jina la binti yangu?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Simu, mama. Ni simu tu."

"Ameitwa, amekuja. Yeye hajui mambo ya simu."

"Nisaidie, mama. Nikizima, mtoto anakufa. Nikiacha, anacheza kwa wimbo wa mwingine. Nitajifungua nini?"

Mama mkwe aliusikiliza wimbo kwa muda mrefu. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. "Anaimba vizuri," akasema. Kisha, "Toa jina lake. Ila usiache wazi. Weka la mtu aliye hai."

"La nani?"

"Si simu ni yako?"

Nerima hakuwa na nguvu ya kubishana. Alifuta herufi za Truphosa, akaandika zake, akabonyeza. Wimbo ukakatika. Harufu ya mbao ikatoweka. Aliona mkono wake ukishuka kwenye tumbo, aliona tumbo likiruka kwa teke bila mdundo wowote, akataka kucheka kwa furaha, ila hakujisikia akicheka, na ule mkono aliuona kutokea chini, kama mtu aliyelala chali anavyomwona aliyemwinamia.

Lango likalia. "Nerima!" Sitati akaita akivua buti.

"Niko hapa!" akajibu.

Sauti yake ilitoka kwenye simu.

Sitati akaingia akicheka. "Siku hizi unajirekodi?" Mwanamke aliyekaa kwenye cherehani alimgeukia taratibu, mikono yote miwili ikiwa imelikumbatia tumbo, akatabasamu kama mtu aliyetoka safari ndefu. Mama mkwe alimtazama usoni. Akamjua.

"Mama, mwambie!" Nerima akalia. "Mama, tafadhali! Sitati, mimi niko huku!"

"Hii kitu imeharibika," Sitati akasema. "Inapiga kelele ya nini?"

Mama mkwe akaichukua simu mezani. Akamkabidhi mwanawe bila kuiangalia.

"Izime, baba," akasema. "Dada... mke wako anataka kupumzika."

Kidole gumba cha Sitati kikakaa juu ya kitufe, kikabonyeza.