Fundi Aliyegoma Kula

Siku ile mjinga alikuwa Chiriku mwenyewe, wala hakuwa na wa kumsingizia. Jina hilo alibandikwa darasani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Alasiri alitoka shule, akaingia chumba cha mbele ambako mama yake alishonea nguo za watu, akaanza kumwokotea pini sakafuni kama kawaida yake. Mama alikuwa mjamzito, na tumbo lilikuwa limeanza kugusa meza ya cherehani.

"Mama, ukizidi hivyo tutabomoa mlango!" Chiriku akatania.

Wateja wakaangua kicheko. Mama naye akacheka, ila kicheko cha mdomoni tu.

Kuanzia jioni ile, chakula kwake kikawa cha kuonjaonja. Asubuhi chai kavu, usiku vijiko viwili vya wali. "Nimeshiba," alisema, na aliyebisha alikiona.

Siku moja aliinuka kuchukua mkasi, kizunguzungu kikamrudisha chini. Chiriku akamwegemeza begani mpaka zahanati. Mkunga akampandisha kwenye mizani, akakunja uso.

"Dada, uzito umeshuka! Unatakiwa upande, polepole, mwezi hadi mwezi. Humo ndani kuna mtoto, kuna kondo la nyuma, kuna maji na damu ya ziada. Huo si unene."

"Kwa hiyo ale kwa wawili?" Chiriku akadakia.

"Wewe nawe! Nani kasema tumjaze kama gunia? Aongeze kidogo tu, na ale vizuri: maharage, mayai, mboga za majani, matunda. Soda na vya kukaanga avipunguze."

 Walipofika nyumbani Chiriku alichambua mboga, akapasha maharage, akachemsha yai, akaitua sahani juu ya cherehani.

"Ondoa," mama akasema. "Sitaki kuwa kichekesho cha mtaa."

"Siondoi. Na mimi sili mpaka ule."

"Unanigomea mimi, mama yako?"

"Nakugomea, mama. Aliyekutania ni mimi, na huu mdomo wangu. Mtoto kakukosea nini mpaka umnyime yeye?"

Mama akamkazia macho. Chiriku hakuinamisha yake. Mwishowe mama akavuta kijiko.

Hata nusu ya sahani hajafika, mlangoni akachungulia jirani muuza mitumba, mmoja wa wale waliocheka.

"He! Fundi, bado unafakamia tu? Utapasuka, shoga!"

Chiriku akafungua mdomo. Mama akamzuia kwa kijiko, akatafuna, akameza bila haraka.

"Wewe, shoga, nikikupunja kitambaa robo mita tu, mtaa mzima haulali. Humu ndani nashona binadamu, na kitambaa chake ni hiki ninachokula. Unataka nimpunje yeye?"