Kijana Mwenye Adabu Kwenye Simu

Kila asubuhi fundi cherehani alifungua dirisha, akapangusa mashine, kisha akaweka kiti cha mumewe pembeni yake. Mumewe alikuwa amefariki. Zamani alikaa pale akimtungia uzi kwenye sindano na kumtania. Sasa kiti kilikaa kitupu.

Sauti ya marehemu ilibaki kwenye simu kubwa, ndani ya jumbe alizomtumia fundi akiwa safarini. Fundi alizisikiliza akishona. Siku moja simu ikajifunga, ikadai neno la siri. Neno hilo aliliweka mumewe, akaondoka nalo.

Akahamishia laini kwenye simu ndogo ya vitufe, akapiga namba ya kampuni iliyoandikwa kwenye boksi la ile simu kubwa. Mashine ikajibu. "Bonyeza moja." Akabonyeza. "Bonyeza tatu." Akabonyeza. Muziki ukapigwa mpaka pasi ikapoa. Simu ikakatika.

Alipotoka kununua vifungo, akaona karatasi kwenye nguzo ya umeme. Ilikuwa na nembo ya kampuni na maneno: "Huduma kwa wateja, tunajibu papo hapo." Akaichukua namba, akarudi nyumbani, akapiga.

"Shikamoo mama," kijana akasema. "Umeshindaje leo?"

Fundi akaweka kitambaa chini. Tangu waombolezaji waondoke, hakuna aliyemuuliza hivyo. Akamweleza yote: simu, sauti, hata kiti. Kijana akasikiliza, akampa pole.

"Sasa mama, utaingia ujumbe wenye tarakimu. Nisomee tu, nikufungulie."

Ujumbe ukaingia. Fundi akavaa miwani.

"Hodi." Jirani alikuwa amefuata gauni lake. "Unaongea na nani, dada?"

"Kijana wa kampuni. Ana adabu huyu. Hata niliowazaa hawanisalimii hivi."

"Anataka nini?"

"Nimsomee namba."

"Kata simu."

"Nitamkatiaje, na tunaongea?"

"Kata, dada. Ukimsomea, yeye anaingia kwenye akaunti yako, wewe unabaki nje. Sauti ya shemeji ataifuta akitaka."

Fundi akakata.

Jirani aliwahi kufanya kazi ya kupokea simu za wateja. "Tulijaa ukumbi mzima," alisema. "Wakubwa wakasema mashine inatosha, wakatutoa. Mteja akakosa mtu wa kumjibu. Mwizi akaona kiti kitupu, akakikalia. Mimi sijasahau."

"Sasa nifanyeje?"

"Rudi kwenye namba ya boksi, au nenda dukani kwao. Za kwenye nguzo achana nazo. Mashine ikikuzungusha, isikilize hadi mwisho, itakutajia namba ya kubonyeza uongee na mtu. Muulize jina lake na namba ya kumbukumbu ya tatizo lako, ili simu ikikatika usianze upya. Namba ya siri inayokuja kwa ujumbe usimtajie yeyote, hata akikuita mama."

Wakapiga. Jirani akashika kiti cha marehemu, akasita. "Nikae?"

"Kaa."

Muziki ukapigwa. Wakashona vifungo, kila mmoja upande wake wa gauni.

Hatimaye akapokea mwanamke mwenye sauti kavu. Hakuuliza fundi ameshindaje. Aliuliza jina, na namba ya utambulisho wa simu, iliyochapwa kwenye boksi. Ujumbe mwingine ukaingia. Fundi akaanza kusoma, "Nne, saba..."

"Usinisomee. Iandike mwenyewe kwenye simu iliyojifunga."

"Umesikia?" jirani akanong'ona.

Fundi akaiandika, simu kubwa ikafunguka, akabonyeza ujumbe mmoja. "Mke wangu," marehemu akasema, "uzi mweusi umekwisha huku. Nikuletee wa buluu, au utaninunia?"

Fundi akacheka. Kisha akaucheza upya.

Kesho yake simu ndogo ikalia. "Shikamoo mama, umelala salama?" Sauti ilikuwa tamu vilevile. Fundi alikaa nayo sikioni kidogo. Halafu akakata, akachukua mkasi, akaenda kuikwangua ile karatasi nguzoni mpaka nembo ikatoka.

Hakurudi moja kwa moja kwake. Alipita kwa jirani, akagonga.

"Umelala salama, mdogo wangu?"

Jirani akafungua mlango, akamvutia kiti. Naye alikuwa akiishi peke yake.