Sahani ya Bibi Mkausha Samaki

Jioni moja ya Oktoba 1996, Jeptoo alitoka kwa safari fupi tu. Kurudisha sahani.

Wiki iliyotangulia mvua ilimkuta kando ya mto Potomac, kule Woodbridge, ughaibuni alikohamia. Bibi mmoja wa Kizungu, aliyekuwa akikausha samaki juu ya vichanja, alimfunika mtoto wa Jeptoo kwa shali, kisha akampa mama huyo samaki wa chumvi kwenye sahani ya mbao. Wema kama huo haurudishiwi chombo kitupu. Kwao Jeptoo ni aibu. Akapika chapati nne. Kwa kuwa mikono yake ilisukuma kigari, sahani aliiweka mapajani mwa Dorothea, binti yake wa miezi mitano.

Vichanja vilikuwepo. Samaki mamia, wamepasuliwa.

Hakuna hata nzi mmoja.

Moshi ulinuka... moto hauonekani.

"Nyanya?"

Bibi alikuwa tayari nyuma yake. Chapati hakuzitazama. Alimkagua mtoto, unyayo hadi utosi.

"Asante," alinong'ona. "Wetu wote walikwenda na baridi."

Akashika kigari.

Jeptoo alivuta. Hakikusogea.

"Zawadi ni chapati, nyanya. Mtoto ni wangu."

"Vimekuja pamoja," bibi alijibu, kwa upole kabisa.

Jeptoo alimwinamia sikioni, akasema neno. Vidole vikalegea. Akakimbia bila kugeuka.

Kesho yake Silvanus, jirani yake Mtanzania, dereva wa teksi, alikwenda kuangalia. Alikuta magugu matupu. Mvuvi mmoja alimweleza kwamba miaka zaidi ya mia tatu nyuma, Waingereza waliovuka Atlantiki walipiga kambi pale, wakivua na kukausha samaki wa kupeleka kwao. Baridi ya kwanza iliwamaliza. Watoto ndio walioanza. Zaidi ya hapo hakujua.

"Ulimwambia nini hata akakuachia, mama Dorothea?"

"Kwamba bado ananyonya. Akasema ni haki. Atangoja nimwachishe."

Silvanus alitaka kucheka, akaghairi.

Sasa imepita miaka mitatu. Kina mama wa kanisani humtania Jeptoo kwamba binti yake anatafuna mahindi ya kuchoma, kisha anateremshia kwa ziwa la mamaye. Naye hucheka nao.

Lakini juzi, machweo, Dorothea alilisukuma ziwa mwenyewe. Akasema, kwa Kiingereza chake, kwamba yeye ni mkubwa.

Jeptoo alimshika kisogo, akamrudisha kifuani.

"Kidogo tu, mama," akanong'ona. "Kidogo tu."